Chai ya Mkongojo

Kazi yangu ni kutema. Watu wakisikia kwamba naonja chai za mitishamba hapa Dodoma mjini, wanadhani nashinda kwenye kochi na kikombe mkononi na andazi pembeni. Waje waone. Nasimama mbele ya meza ndefu tangu asubuhi, navuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kelele ambayo mama angenizaba kofi kama ningeifanya mbele ya wageni, naizungusha mdomoni, kisha naitema kwenye ndoo. Choya, mchaichai, mlonge, tangawizi, mdalasini, vyote vimepita mdomoni mwangu na havikufika tumboni. Muonjaji anayemeza hafiki mchana. Tumbo linajaa, ulimi unachoka, na kila kikombe kinaanza kufanana na kilichotangulia.

Dada yangu hakuwahi kuielewa kazi hii. Yeye ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, na mama alipofariki ndiye aliyenilea, kwa hiyo nikisema dada nasema pia mzazi. Anaishi upande wa Mvumi, katika nyumba aliyoiacha baba, analima uwele na karanga. Viungo vilimtesa kwa miaka mingi. Vidole vilivimba, magoti yakagoma, ikafika mahali jirani anamsongea ugali kwa sababu mwenyewe hawezi kushika mwiko. Hospitali walimpa vidonge, akameza, akachoka navyo. "Nimekuwa kopo la vidonge," aliniambia kwenye simu, na tangu siku hiyo akaacha.

Nilipokwenda kumwona baada ya mavuno nilimkuta anatwanga. Narudia, anatwanga, mchi juu, mchi chini, jasho linamtiririka, khanga kaifunga kiunoni kama msichana. Nilisimama uani na mkoba begani, nikasahau hata kumwamkia.

"Utasimama hapo mpaka lini?" akaniuliza. "Au huko mjini shikamoo zimeadimika?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Njoo ndani, jua kali."

Akanishika mkono kuniingiza, na vidole vilivyonishika vilikuwa vimenyooka. Nililia. Sikulia yale machozi ya kufuta kwa ncha ya khanga. Nililia kwa sauti mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna msiba gani. Dada akamwambia hakuna msiba, huyu kafurahi, watu wa mjini ndivyo wanavyofurahi.

Ndipo akanionyesha pakiti. Ilikuwa na picha ya mzee anayetupa mkongojo wake huku anakimbia, meno yote nje. Kijiji kizima waliiita chai ya mkongojo, na vijana wa bodaboda waliifuata mjini kila wiki. Akanichemshia kikombe. Harufu ya karafuu ilinifikia kabla ya kikombe chenyewe, nikakataa, kwa sababu kesho yake nilikuwa kazini na sisi waonjaji hatugusi karafuu, kitunguu wala pilipili tukiwa na kazi kesho yake. Karafuu inautia ulimi ganzi, na ulimi ndio jembe langu.

"Mdomo wako umekuwa mali ya serikali," alisema dada, akakinywa yeye. Niliona uso wake umejaa, mashavu yanang'aa, nikasema moyoni, dada amenenepa, Mungu mkubwa.

Msimu wa upepo ulipoingia, ule unaotutia vumbi mpaka kwenye sufuria, niliitwa kuwa jaji katika maonyesho ya wasindikaji wadogo wa vyakula wa kanda yetu. Tulikuwa majaji watatu. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanamume mpole, mstaafu, aliyekula chumvi nyingi katika biashara ya chai. Wa tatu alikuwa mpishi wa hoteli. Walituweka kwenye chumba nyuma ya ukumbi, madirisha yamefungwa vumbi lisiingie, vikombe vyeupe vimepangwa mstari mmoja. Hakuna pakiti, hakuna jina, kila kikombe kina herufi tu. Unaanza kushoto unakwenda kulia. Unavuta, unatema, unasukutua kwa maji ya uvuguvugu, unatafuna tonge dogo la ugali baridi usio na chumvi, unasogea. Huko kwingine wanatumia mkate. Sisi ni watu wa ugali.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye chai moja yenye karafuu nyingi. Ilikuwa tamu, ya moto, yenye tangawizi inayokushika koo, na wote tukaipa alama za juu. Iliyofuata ilikuwa choya na mchaichai, nyekundu safi, kazi ya kikundi cha akina mama wa Mpwapwa kama tulivyokuja kujua baadaye. Nikavuta, nikatema, na uchungu ukanikaa nyuma ya ulimi. Nikawatazama wenzangu. Mpishi alikuwa amekunja uso. Mwenyekiti akasema, "Hii chungu mwishoni. Hawakujua kukausha." Ilikuwa inaelekea kutupwa nje ya mashindano.

Lakini choya ni kali kama ndimu, si chungu. Unaweza kuiunguza, unaweza kuiozesha, haitakuwa na uchungu wa namna ile. Nilisukutua tena, nikatafuna tonge la pili, nikamwambia mwenyekiti naomba kuonja kurudi nyuma.

"Hatuonji kurudi nyuma, mama," alisema. "Utaratibu ni kwenda mbele, kila mtu apate haki sawa."

"Huyu hajapata haki. Amelipia kosa la jirani yake."

Sikungoja ruhusa. Niliionja ile choya peke yake, ulimi ukiwa umepumzika: safi kabisa. Kisha nikarudi kwenye ile ya karafuu, nikavuta, nikatema, na safari hii sikusogea. Nilisimama nikingoja. Kwanza utamu, halafu ganzi ya karafuu, na ganzi ilipoanza kuachia, uchungu ukaja taratibu kutoka nyuma. Tulikuwa tunapewa uchungu wa kikombe kimoja tukiwa tayari tumeinama kwenye kingine, na tulikuwa tunamwadhibu aliyefuata.

Uchungu huo niliufahamu. Mwanangu wa kwanza, alipokuwa mdogo, aliugua figo, na hospitali wakampa vidonge vidogo vyeupe ambavyo alitakiwa avitumie kwa miezi. Hakuweza kuvimeza. Nilikuwa navisaga katikati ya vijiko viwili, nachanganya kwenye uji wa ulezi, naonja mimi kwanza ili aone kwamba mama hajafa. Uchungu wake haukai mbele ya ulimi, unakaa nyuma, na hautoki hata ukila sukari. Uso wa mtoto wangu ulivimba kwa vidonge vile ukawa kama andazi, lakini alipona, na leo anaendesha lori njia ya Singida. Sina ugomvi na dawa ile. Nina ugomvi na kuikuta kwenye chai.

Nilimwambia mwenyekiti. Akaonja kwa namna niliyoonja mimi, akasimama, akangoja, na nikaona uso wake unabadilika. "Inaweza kuwa mmea tu," alisema. "Mimea michungu ipo mingi."

"Ipo. Huu ni wa duka la dawa."

Hakubishana zaidi. Alifungua pazia lililoficha sanduku la sampuli, akatafuta herufi ya kikombe kile, akatoa pakiti, akaiweka mezani. Yule mzee alikuwa anatupa mkongojo, anakimbia, meno yote nje.

Nilikaa chini. Mpishi aliniletea maji akidhani ni joto. Sikuwa nafikiria mashindano tena. Nilikuwa nauona uso wa dada yangu, yale mashavu niliyomshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki. Aliitoa chai ile kwenye mashindano, akawarudishia akina mama wa Mpwapwa alama zao, akapiga simu kwa wakaguzi wa vyakula na dawa. Mimi sikuwangoja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya muuzaji. Nilitarajia jambazi, nikamkuta bwana mstaarabu mwenye shati lililopigwa pasi, anamsaidia bibi mmoja kuvuka waya wa umeme uliolala njiani. Nikamwambia najua ulichoweka humo. Hakukasirika hata kidogo.

"Mama," alisema kwa upole, "watu wanapona. Wewe unataka wapone, au unataka wanywe majani?"

Nilimtukana. Sitayaandika hapa, ila sijutii hata neno moja. Wakaguzi walipofika, meza ilikuwa tupu na yeye hayupo.

Kesho yake nilikuwa Mvumi. Dada alikuwa amejilaza mkekani, na kabla sijafungua kinywa aliniomba maji. Alikunywa kikombe, akaomba kingine, akasema siku hizi kiu haimwishi na macho yanaona ukungu. Nilimweleza kuhusu chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nilipokuwa siwezi kushika kijiko mlinionea huruma. Sasa natwanga, mnaniona mchawi."

Kilichomfikisha hospitali ni kiu, si maneno yangu. Daktari, binti mwenye umri wa mwanangu, alimpima, akamtazama usoni kwa muda, akauliza ametumia dawa gani, nikamweleza kuhusu chai na vile vidonge vya mwanangu. Akasema dawa hiyo kweli hutuliza viungo, ila ikinywewa bila kipimo inaharibu mwili. Sukari ilikuwa imepanda sana. Mifupa ilikuwa imeanza kulika. Akatuambia tusithubutu kuacha ile chai kwa mkupuo. Mwili wa dada ulikuwa umezoea kuletewa kitu ambacho zamani ulikitengeneza wenyewe, na sasa umesahau. Akikatiwa ghafla anaweza kuanguka na asiamke. Ilibidi apewe dawa ileile kwa vidonge, kwa kipimo kinachojulikana, ipunguzwe polepole mpaka iishe.

"Na viungo?" dada akauliza.

Daktari alisema zipo dawa nyingine, zitasaidia kidogo, na kwamba hatamdanganya, maumivu yatarudi.

"Vidonge nilishaviaga," alisema dada, akainuka, akatoka nje kukaa kivulini. Daktari aliniangalia. Akaniambia ni lazima dawa ile imfikie tumboni kila asubuhi, na kwamba hilo ameniachia mimi.

Basi nilimleta kwangu mjini, nikimdanganya kwamba hapa chai ya mkongojo inapatikana kwa urahisi. Kila asubuhi nilichukua vijiko viwili, nikasaga kidonge katikati yake kama nilivyofanya kwa mwanangu. Nilichemsha choya na mchaichai wa wale akina mama, nikaongeza tangawizi, nikazidisha karafuu, nikatia unga ule, nikakoroga. Pakiti tupu ya mzee anayekimbia, niliyoichukua kwake Mvumi, niliiacha juu ya kabati aione. Nilifanya kilekile alichofanya yule bwana wa shati la pasi. Tofauti yetu ilikuwa kipimo tu, na nia, ingawa sina hakika kama nia inaonekana kutoka mkekani alipolala mgonjwa.

Nilionja kila kikombe kabla ya kumpelekea. Ilikuwa lazima ladha ifanane, asishtuke. Lakini kila daktari alipopunguza dawa, uchungu nao ulipungua, na hapakuwa na majani yoyote ninayoyajua ambayo yangeweza kuuiga. Dada, ambaye maisha yake yote aliicheka kazi yangu, alikuwa na ulimi kuliko mimi. Hakuwahi kutema, kwa hiyo aliijua chai ile mpaka mwisho wake. "Hii ya leo nyepesi," alisema. Baadaye akasema, "Mbona kama wameipunguza nguvu?" Nilimjibu kwamba pengine msimu wa majani umebadilika. Uso wake ulipungua taratibu ukarudi ule mwembamba wa zamani. Na vidole vikaanza kujikunja.

Aliacha kufunga khanga mwenyewe. Aliacha kusimama bila kushika ukuta. Usiku sikumsikia akilia, ila asubuhi nilikuta mto umelowa, nikauanika juani. Niliichukia kila asubuhi. Daktari alisifu, sukari imeshuka, hatari imepita, dada yako ataishi. Nilimshukuru, nikatoka nje nikasimama kwenye vumbi, sijui nifurahie nini.

Siku ya kwanza isiyo na dawa kabisa, nilimchemshia chai kama kawaida, ila karafuu nikaipunguza kwa kuwa hapakuwa tena na uchungu wa kufunika, nikampelekea. Hakuweza kushika kikombe. Nilikaa pembeni yake kitandani, nikakishika mimi, akavuta funda, akaliweka mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kumeza.

"Haya ni maji ya majani," alisema. "Wameichakachua."

"Nani, dada?"

"Hawa wanaouza sasa. Watu wabaya sana hawa. Yule wa kwanza alikuwa mkweli." Akanisukumia kikombe kwa kiganja, vidole vimekunjamana. "Wewe si jaji? Onja basi, useme."

Nikaonja. Chumbani hapakuwa na ndoo, nikameza. Choya ilikuwa kali na safi, mchaichai unakuja nyuma yake, tangawizi ina adabu, karafuu haikuzidi tena. Niliinamisha kichwa nikangoja kwa muda kama nilivyongoja siku ile kwenye meza, na nyuma ya ulimi hakuja kitu. Katika kazi yangu yote sijawahi kuonja chai nzuri kuliko ile.

Dada alikuwa ananitazama, anasubiri hukumu.

"Ni kweli, dada," nikamwambia. "Wameiharibu."