Mazulia ya Bibi Yalipopakiwa

Juzi nilikuwa Sharafiya, hapa Jidda, nikingoja teksi, harufu ya kahawa ya iliki ikanijia kutoka mgahawa wa jirani. Rafiki yangu, nilirudi utotoni pale pale kando ya barabara.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya kitajiri ya Riyadh, na mama mpishi wao. Tulikaa chumba cha uani. Kila kiangazi, Riyadh ikianza kuunguza kama tanuri, nyumba nzima ilihamia jumba lao la Aziziya, Jidda. Sisi tulifuata na gari la mizigo: baba kwenye usukani, mama na sufuria zake, mimi katikati na tende zangu. Mama aliimba njia nzima. Huko Jidda, alasiri, mama yake bosi, ambaye sote tulimwita Bibi, aliketi na kahawa yake, na habari za ukoo zikamwagika: nani kachumbiwa, nani kaenda Uturuki, nani na nani wamenuniana. Mama alinisimulia zote akichambua mchele.

Mwaka mmoja habari zikakatika. Mama akiingia na sinia, mazungumzo yanakufa. Safari ilikuwa ya wiki chache, lakini madam, mke wa bosi, alipakia hata mazulia ya Bibi. Bosi, aliyezoea kumtania baba, sasa alimkwepa macho. Ikama ya baba, kibali chake cha kukaa nchini, ilikaribia kwisha na hakuna aliyeitaja.

"Lisemwalo lipo," mama alisema, "na lisilosemwa ndilo baya zaidi."

Safari hiyo hakuimba. Jidda nikafagia ukumbi polepole, masikio kwenye milango. Siku moja nikasikia mama akitajwa, nikasimamisha ufagio. Nilimshuku hata Bibi, kwa kuwa alinipa halua nyingi kuliko kawaida.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, bosi akawaita wazazi wangu. Kumbe Bibi alikuwa mgonjwa wa moyo na amekataa kuishi tena Riyadh. Wanawe walikuwa wakizozana nani amtunze. Mwishowe iliamuliwa akae Jidda, kwa sharti lake moja, kwamba mama abaki naye jikoni. Dereva angerudi na bosi.

Baba aliuliza kwa upole kama naye angeweza kubaki.

"Na mimi nitaendeshwa na nani?" bosi akajibu, bila ubaya wowote.

Mama akatazama sakafu. "Tumesikia, bosi."

Halas, yakaisha. Nilibaki Jidda na mama, nikafurahi, nikiamini tumenusurika, maana hatukufukuzwa.

Bibi alishafariki, na jumba lile limevunjwa. Wazazi wangu ni wazee sasa, wanaishi pamoja Mombasa, na ukiwauliza watakwambia tulitendewa vyema. Huenda. Ila mimi nakumbuka viangazi vilivyofuata, baba akifika kutoka Riyadh na begi dogo, akiketi ukingoni mwa kitanda kama mgeni, akimuuliza mama sukari inawekwa wapi.