Mifuko Iliyoandikwa Haiuzwi

Mwaka ule wa uchaguzi mikorosho yangu ilichanua vizuri, kisha maua yakaingiwa na ubwiriunga, yakawa meupe kama yaliyomwagiwa unga wa muhogo. Salfa ya ruzuku, dawa ya ugonjwa huo, ilikuwa imeletwa katani kwetu, lakini zamu yangu ilipofika niliambiwa imekwisha. Nikampigia simu mjomba. Yeye ndiye alikuwa diwani wetu, na ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

"Imekwisha kweli, mwanangu," alisema. "Hata mimi sijapata. Vumilia."

Nikavumilia.

Haukupita muda, lori moja likapasuka tairi kwenye barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Watu waliosimama kusaidia walishusha magunia ya mbaazi ili gari liwe jepesi. Chini ya mbaazi wakakuta mifuko ya salfa, kila mmoja umepigwa chapa ya HAIUZWI. Dereva alipobanwa akamtaja mjomba. Kabla ya adhuhuri video ilikuwa imefika Ruponda, Kiegei, hata Chunyu, alikoolewa dada yangu. Yeye ndiye aliyenitumia, na chini yake ameandika neno moja tu: "Umeona?"

Niliitazama mara tatu. Mimi nilikuwa balozi wa chama wa nyumba kumi. Uchaguzi uliotangulia nilipita mlango kwa mlango nimejifunga khanga za chama, nikiwaambia watu kwamba mjomba ni mtu wetu, hana tamaa. Nilikuwa nayasema hayo kwa sababu niliyaamini.

Nilikwenda kwake siku ileile. Nilimkuta barazani peke yake, miguu mitupu, viatu vimewekwa kando kana kwamba alikuwa anatoka akaghairi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa. Akaanza yeye.

"Unadhani hela ya salfa nimeila mimi? Khanga ulizovaa safari ile zilitoka wapi? Mafuta ya magari, muziki, pilau ya mkutano? Wakubwa wanatuambia kashindeni. Hawatuambii tukashinde kwa kitu gani."

"Lakini mikorosho yangu, mjomba."

Aliinamisha kichwa. "Nilitaka nikuwekee mifuko miwili. Nikaogopa watu watasema diwani anapendelea ndugu zake."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Mtu amepakia salfa ya kata nzima kwenye lori, halafu anaogopa lawama ya kunipa mifuko miwili! Na aliyasema bila utani. Nilimfahamu mjomba wangu. Alikuwa anasema kweli. Mpaka leo sijui kama nilitakiwa kumlaani au kumshukuru. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima yeyote.

Chama kilimwondoa. Kwenye kura za maoni jina lake halikurudi, akasimamishwa mwalimu mstaafu, mtu msafi, asiye na neno na mtu. Nikasema afadhali, sasa kazi itakuwa nyepesi. Nikajifunga khanga zilezile, maana mpya hazikuja, nikaanza kuzunguka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mjane, jirani yangu. Mikorosho yake yote haikushika kitu mwaka ule. Kiswahili chake huchanganya na Kimwera, hasa akikasirika, na siku hiyo alikuwa amekasirika.

"Huyo mwalimu wenu simtaki," alisema.

"Bibi, lakini si tuliibiwa? Chama kimemtoa mwizi."

"Salfa aliiba, ndiyo. Mume wangu alipokufa, sanda nani alileta? Gari la kumtoa hospitali nani alileta? Huyo chama?" Akanikazia macho. "Wewe umesoma. Niambie, hesabu yake naanzia wapi?"

Nikamuaga. Nyumba iliyofuata, baba mwenye watoto sita aliniambia kinyume kabisa: mjomba alistahili kufungwa, ila chama hatakipigia kura, kwa sababu mjomba hakupakia lori peke yake na wenzake wamebaki kwenye viti vyao. "Mmekata tawi, shina mnalimwagilia maji," alisema. Wa tatu alisema atakichagua chama, kisha akaniuliza kama mjomba atarudi. Nilifika nyumbani sijui kama nimepata kura au nimezipoteza.

Siku ya kupiga kura nilimwona mjomba kwenye foleni ya shule, amevaa kanzu. Watu wale waliomtukana walimpisha mbele. Akakataa, akasimama kungoja zamu yake. Nami nilipoingia kwenye kile kibanda, kwa mara ya kwanza maishani nilisita. Nikamtia alama mwalimu mstaafu, nikatoka najiona kama nimemsaliti mtu, ila nisiweze kusema nani.

Mwalimu alishindwa. Kiti kilichokuwa cha chama tangu niko shule kilikwenda kwa upinzani. Jioni yake nilimkuta yule bibi jirani kwa mjomba, amempelekea kuku, anampa pole. Pole ya nini, sikuuliza. Mjomba alikuwa analia, na sikujua kama analilia kiti, chama, au aibu.

Baada ya siku chache sisi mabalozi tuliitwa ofisini. Katibu alikuwa na fomu mezani.

"Nyumba zako kumi," alisema, "sababu ya kushindwa ni nini?"

"Sijui, katibu."

"Ile habari ya lori?"

"Wengine ndiyo. Wengine kwa sababu mlimtoa. Wengine kwa sababu mlimtoa yeye tu."

Alishika kalamu, akaitazama ile nafasi ndogo ya kuandikia sababu. Kisha akaandika: "Hamasa ndogo." Akanisogezea karatasi.

Nilisema, "Lakini sicho nilichokwambia."

"Najua, dada," alijibu, sauti yake imechoka. "Na mimi sijui niandikeje."

Nikatia saini.