Drili ya Njano ya Baba Silvana

Fabiani alikuwa karani wa mizani katika ghala moja la mahindi mjini Sumbawanga, na masika yale yote alikuwa akipita dukani kwa Ngeleja kutazama drili za betri. Hanunui, anatazama tu. Anaingia, anasalimia, anainyanyua ya bluu, anairudisha, anainyanyua ya njano, anaipima uzito kama mtu anayechagua jogoo sokoni, kisha anaaga. Ngeleja, Msukuma aliyekuja Rukwa na ng'ombe akaishia kuuza vifaa vya ujenzi, alikuwa na subira ya kifugaji, lakini nayo ilikuwa ukingoni.

Tusimlaumu Fabiani kwa kutazama. Aliikumbuka vizuri miaka ya kufunga mkanda, misumari ilipotafutwa kwa kibali na watu wazima waliposukumana foleni kwa ajili ya kitasa kimoja. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, mali inashuka kutoka Tunduma na Dar kila wiki, na mtu aliyezoea kukosa alijikuta anatakiwa kuchagua. Hilo hakuna aliyekuwa amemfundisha.

"Baba, chukua ya bluu," Ngeleja alimwambia hatimaye. "Hii Rokoma wanayo wengi. Wenzako wa ghalani, Amos na Yonas, wote nimewauzia mimi. Betri ikikuishia katikati ya kazi, unaazima kwa mwenzako. Hiyo ya njano, Fuldex, ni nzuri, sikatai, ila betri yake mpaka niagize Dar."

"Kwa hiyo betri za akina Amos haziingii kwenye hii ya njano?"

"Haziingii."

"Na ya kwangu haitaingia kwenye za kwao?"

"Haiwezi, baba."

"Nifungie ya njano."

Ndivyo alivyochagua. Watu aliwaambia kwamba ya njano ina nguvu, kwamba ya bluu inapata moto haraka, na maneno mengine ya aina hiyo. Ukweli ni kwamba alitaka chombo ambacho hakuna mtu angekuja kukiomba hata kipande. Marehemu baba yake, kule kijijini, alikuwa na keke, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, na kijiji kizima kiliihesabu kuwa mali ya kijiji. Ilitembea ua hadi ua mpaka ikarudi mpini mtupu. Mzee alicheka. Fabiani, mtoto wakati huo, hakucheka, na akajiapia kwamba yeye hatakuja kurudishiwa mpini mtupu. Sawa, iliuma. Lakini wengi wetu vitu vya baba zetu viliazimwa vikapotea, na hatukugeuka mabahili kwa sababu hiyo.

Kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Kila Jumamosi alijifungia stoo, akatoka na rafu, akatoka na kabati la vyombo, akatoka na stuli ambazo mke wake Fransiska alizipanga sebuleni kwa fahari. Mtaani kwao hakukuwa na drili nyingine.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Evodia, mjane aliyekuwa akiuza togwa, na umri wake ulimtosha kuamkiwa na Fabiani. Mlango wake wa mbele ulikuwa umeng'oka bawaba. Fundi aliyemwita alikuwa bado anasema kesho. Kila jioni aliuegemeza mlango kwa kinu, na upepo wa Ufipa mwezi wa saba mnaujua, hauna adabu kwa mlango wala kwa mjane. Basi siku moja akaja na bawaba mpya mkononi.

"Shikamoo, Mama Justina."

"Marahaba, Baba Silvana. Nimekuja na shida ndogo. Nakuomba uje na ile mashine yako, unitobolee pale mlangoni, au uniazime nimtafute kijana anitobolee."

Betri ilikuwa chumbani kwenye chaja, imejaa, taa yake ya kijani inawaka.

"Betri imekufa, Mama Justina," Fabiani alisema. "Imekufa kabisa. Na zake hapa mjini hakuna."

"Pole sana," Evodia alisema, kwa sauti ile ya kumpa pole mfiwa. Akarudi kwake na bawaba zake.

Fransiska alikuwa amesimama mlango wa jikoni na amesikia yote.

Uongo ukishatoka unataka kulishwa. Jumuiya yao ya Mtakatifu Anna ilipokutana kusali, mtu akauliza habari za drili, na Fabiani akarudia kwamba betri imekufa. Si hivyo tu, akanogesha. Akasema kinachomuuma si yeye, ni majirani, maana alikuwa na nia ya kuwasaidia wote, lakini ndiyo hivyo tena. Flavian, mwenyekiti wa jumuiya, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Fransiska aliinama akatafuta rozari yake, ambayo ilikuwa mkononi.

Mwezi wa tisa Fabiani na Fransiska walitimiza jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Baada ya misa jumuiya ikajaa uani kwao. Pombe ya ulezi ilikuwepo, kwaya ikaimba, akina mama wakacheza wakiingia na zawadi iliyofungwa kwenye kitenge. Fabiani alitegemea masufuria.

"Baba Silvana," Flavian alianza, "wewe ulitueleza uchungu wako. Ulisema ungetusaidia, umekwamishwa na betri. Basi jumuiya imekaa, imechanga, wengine wametoa ulezi, Ngeleja ameagiza mpaka Dar. Fungua."

Ilikuwa betri ya Fuldex, ya njano, mpya kabisa.

Vigelegele vilipanda mpaka watoto wa barabarani wakaja kuchungulia. "Aijaribu! Aijaribu!" watu wakapiga makofi. Fabiani aligeuka kumtafuta mke wake na kumkuta ameshaingia ndani. Akahofia kwamba angeileta kama ilivyokaa, na betri yake hai tumboni. Fransiska akatoka. Drili ilikuwa tupu. Alikuwa ameichomoa betri na kuificha, na alipomkabidhi mumewe ile drili, mbele ya watu wote, siku ya jubilei yao, hakumtazama usoni.

Fabiani akapachika betri mpya, akabonyeza. Ikalia. Watu wakashangilia, na yeye akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alifungua mdomo aseme. Kilichotoka ni, "Asanteni sana, ndugu zangu." Akaketi.

Wageni walipoondoka, Fransiska alimwambia neno moja tu, wakati anakusanya vikombe: "Wazo la betri lilikuwa la Mama Justina."

Kesho yake Fabiani hakwenda ghalani kwanza. Alikwenda kwa Evodia, akaamkia, akauweka mlango sawa, akatoboa, akakaza skrubu moja baada ya nyingine. Kazi yenyewe haikufika hata nusu saa. Evodia akamletea kikombe cha togwa, akaketi kwenye kizingiti. Mbele ya watu walizungumza Kiswahili. Sasa walikuwa wawili tu, wakazungumza Kifipa chao.

"Mama Justina," Fabiani alisema, macho yakiwa kwenye kikombe, "ile betri yangu ya zamani..."

"Najua," alisema Evodia. "Stoo yako na jiko langu ni ukuta mmoja. Kila Jumamosi, hata baada ya siku ile, nilikuwa naisikia ikilia."

Fabiani alitamani ardhi impokee. "Ulijua, na bado ukawaambia watu wachange?"

"Nilikaa nikafikiri," Evodia alisema, bila kuinua sauti, na hakukuwa na kejeli ndani yake, hapo ndipo palipomuumiza. "Nikasema, labda Baba Silvana anayo moja tu, ndiyo maana anaogopa. Akipata mbili, huenda moja akaweza kuiazima."