Nyenje Hawajapungua

Nilijiunga na darasa la jioni kwa sababu ya kwaya. Nimeimba besi kanisani tangu ujana, lakini kila wimbo niliujua kwa kufuata wenzangu, si kwa kusoma noti. Masika ile wageni wa mlimani walipoisha nikabaki nyumbani Shirimatunda napalilia mahindi. Mke wangu akaja na habari kwamba katika shule moja ya msingi mjini Moshi wameanza elimu ya watu wazima ya namna yake. Jumanne muziki wa klasiki, Alhamisi falsafa, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja.

"Nenda," aliniambia. "Ukibaki hapa utaanza kuniongoza mimi kama wageni wako."

Kazi yangu ilikuwa hiyo, kuongoza watalii kupanda Kilimanjaro. Nilikuwa nimeifanya miaka ishirini na miwili.

Masomo yote mawili yalifundishwa na mwalimu mmoja, mama aliyestaafu kufundisha sekondari, wa familia ya Kiislamu ya hapo hapo mjini. Alikuja na kinanda cha umeme na spika, akavipanga juu ya dawati kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto. Tulikuwa kumi na wawili. Kando yangu alikaa fundi cherehani, mama mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu.

Jumanne ya kwanza Mwalimu alituwekea muziki wa fidla nyingi. Alisema filimbi itaingia juu ya zile fidla, na atakayeisikia anyanyue mkono. Nilifumba macho nisikilize vizuri. Nilisubiri sana. Nilipofumbua, mikono yote ilikuwa juu, hata ya mzee mmoja wa Masama ambaye tangu aingie alikuwa anasinzia. Na mimi nikanyanyua wangu.

"Umeisikia, baba?" Mwalimu aliniuliza.

"Nimeisikia, Mwalimu."

Nilijiambia kwamba hilo ni sikio la watu waliosoma, litakuja taratibu.

Alhamisi ilikuwa falsafa. Mwalimu aliandika ubaoni, "Unajuaje kwamba unajua?" Akataka kila mmoja ataje jambo moja analolijua kwa hakika, halafu aseme amelijuaje. Fundi cherehani alisema anajua mume wake amekufa kwa sababu alimwosha kwa mikono yake. Zamu yangu ikafika.

"Mimi najua nyenje wamepungua mlimani," nilisema. "Zamani ukifika kambi ya kwanza jioni, msitu mzima ulikuwa unalia. Siku hizi kimya. Huwa nawaeleza wageni kwamba ni kwa sababu ya miti kukatwa na hali ya hewa kubadilika."

"Umejuaje?"

"Kwa masikio yangu, Mwalimu. Hata huku chini wameisha. Shirimatunda hakuna nyenje hata mmoja."

Fundi cherehani aligeuka akanitazama. "Shirimatunda ipi, kaka? Jana nimefunga madirisha kwa ajili yao. Na wengi wako kwenye ua wenu."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza darasa, kwa sauti yake ya kufundishia, kama ni nyenje waliopungua au kuna kitu kingine kilichopungua. Kwake ulikuwa mfano mzuri wa somo.

Nilitembea kurudi nyumbani haraka. Mke wangu alikuwa jikoni anasonga ndizi za mtori. Nilimwita mlangoni, nikamwomba aniambie anasikia nini pale nje.

"Redio ya jirani," alisema. "Na nyenje. Kwa nini?"

Redio niliisikia.

Jumanne iliyofuata niliwahi kabla ya wenzangu. Nilimwomba Mwalimu apige kinanda, noti moja moja, kutoka chini kwenda juu. Hakuuliza sababu. Alianza, na mimi nikasimama mbele yake kama mtu anayepimwa uzito. Noti za chini zilikuja nene na nzuri. Za katikati zilikuja. Kisha zikaanza kukonda, na karibu na mwisho wa kinanda nikaona kidole chake kinabonyeza, nikasikia kibonyezo kinagonga ubao wake, basi. Tok. Tok. Tok. Uso wake ulionyesha kwamba yeye anasikia muziki.

"Imeishia wapi?" aliuliza polepole.

Nilimwonyesha kwa kidole. Nikamwomba arudie kutoka hapo, mara mbili.

"Unaogopa nini hasa, baba? Watu wengi hupungukiwa masikio."

Nikamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo lile kwa sauti, na kadiri nilivyolisema ndivyo lilivyozidi kuwa kweli.

Msimu uliopita, siku ya nne ya safari, tulikuwa kwenye ule ukuta wa mawe unaopandwa kwa mikono na miguu. Msaidizi wangu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu niliyemfundisha kazi mwenyewe, alikuwa ametangulia juu na wageni wawili wenye kasi. Wapagazi walikuwa wameshapita. Mimi nilikuwa chini na mama mmoja mgeni, mtu mzima, tukienda taratibu. Upepo ulikuwa mkali. Ghafla yule mama alisimama, akanitazama usoni kama anayengoja nimwambie jambo. Nilimwambia, twende mama, usisimame hapa. Akapiga hatua. Jiwe lenye ukubwa wa sufuria likapita katikati yetu, likampiga mkono. Mfupa ulivunjika vipande viwili.

Tulipomshusha, msaidizi wangu aliniambia, "Kiongozi, nilipiga filimbi. Mara tatu."

Ile filimbi tunayovaa shingoni wote, ya hatari. Nilimwambia mbele ya wapagazi kwamba ni mwongo. Kwenye ripoti ya kampuni nikaandika kwamba jiwe lilianguka na msaidizi hakutoa ishara yoyote. Yule mama alipelekwa hospitali, kisha kwao, na hakuna aliyemuuliza alisikia nini. Msaidizi wangu aliondolewa kazini. Nilisikia kwamba yuko Holili mpakani, anapakua mizigo kwenye malori.

Mwalimu alikaa kwenye dawati la wanafunzi. "Nenda hospitali kwanza," alisema. "Halafu nenda Holili."

Hospitali waliniingiza kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, wakanivalisha vifaa vya kusikilizia, wakanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Kuna muda mrefu sana ambao sikubonyeza. Kupitia kioo nilimwona daktari anaendelea kuandika, na hapo nikajua kwamba milio ilikuwa inapigwa. Alinieleza kwamba sauti za juu zimekufa masikio yote mawili, hazitarudi, na nyingine zitafuata. Nilimuuliza kwa muda gani. Alisema hilo hawezi kuniambia.

Usingizi ulinikataa wiki ile. Nikifumba macho nilikuwa naona wageni wote niliowapitisha chini ya ukuta ule baada ya siku ile ya jiwe, mmoja mmoja, wakitabasamu. Nilikuwa nimepanda mara sita. Mara sita nilikuwa mbele yao nikidhani nasikia.

Holili nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta amekaa juu ya magunia ya vitunguu, anakunywa maji. Aliniona tangu mbali na hakuinuka. Miaka yote aliniamkia shikamoo kila asubuhi hata tukiwa tumelala hema moja. Safari hii alisema, "Habari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi.

"Siku ile ukutani," nilianza, "ulipiga filimbi?"

"Umetoka Moshi mpaka hapa kuniuliza nilichokwisha kukujibu?"

"Sikukusikia. Sisikii filimbi. Nimepimwa."

Nilimpa karatasi ya daktari. Aliisoma, akaikunja, akaifungua tena. Lori moja lilikuwa linarudi nyuma, na alingoja mpaka lisimame.

"Unajua mke wangu aliniuliza nini?" alisema. "Aliniuliza kama nilizubaa. Nikamwambia nilipiga. Akauliza tena, na tena. Mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza, je, nilipiga kweli, au nilitaka tu kupiga. Hilo ndilo ulilonifanyia. Kazi nimepata nyingine."

Nilisema nitaiambia kampuni.

"Usiseme. Andika. Yale ya mwanzo uliandika."

Ningependa kueleza kwamba niliandika jioni ile ile. Sikuandika. Nilikaa wiki mbili na karatasi nyeupe chini ya godoro. Nilijua kwamba nikiiandika sitapanda tena, na mimi sikuwa na kazi nyingine ninayoijua. Kule kihambani kwa baba, kwenye shamba la ukoo huko Masama, migomba na kahawa vilishagawanywa kwa kaka zangu. Darasani nilikwenda, nikakaa nyuma. Kisha Juni ikafika, na kampuni ikanipigia simu. Kuna kundi la watu wanane, waanze Jumatatu. Nilisema ndiyo. Nilikata simu, nikaanza kusafisha viatu vya mlimani.

Mke wangu ndiye aliyeiona ile karatasi. Aliiweka mezani na kalamu juu yake, akaketi kando yangu mpaka nikamaliza.

Bosi aliisoma barua mara mbili. Aliniuliza kama naelewa nimejiandikia nini. Nilisema naelewa. Hakunifokea. Alitazama dirishani, akasema tu kwamba tuna bahati yule mama alivunjika mkono peke yake, na neno hilo "bahati" ndilo ninaloamka nalo mpaka leo. Kundi la Jumatatu lilipewa kiongozi mwingine. Msaidizi wangu aliitwa, akasomewa barua yangu, na kabla msimu haujaisha alikuwa anaongoza makundi yake mwenyewe. Mimi nilipewa stoo, kukagua mahema na kamba.

Darasani bado naenda. Mwalimu ananiketisha karibu na spika, niweke kiganja juu yake, na ananieleza kwa maandishi kinachotokea juu, mahali nisipofika. Kila mwezi noti ninayoishia inashuka kidogo. Tumeiwekea alama ya chaki pembeni mwa kinanda, na mimi huogopa kuitazama.

Wiki iliyopita yule msaidizi wangu wa zamani alikuja stoo kuchukua vifaa. Hajawahi kukaa na mimi tukanywa chai, na sitegemei. Alisogea mpaka mbele yangu, mahali ninapouona mdomo wake.

"Mahema sita," alisema.

"Nimesikia."

Hakuondoka. Alisimama pale pale akinitazama mpaka nikairudia ile idadi. Sita.