Simu Iliyo Ndani ya Kompyuta ya Darmini

Luh Darmini ana miaka arobaini na mitatu, na kijijini kwake, kisiwani, mashariki ya mji wa Klungkung, hakuna harusi, sherehe ya kuchonga meno ya vijana wala ya kuchoma maiti ambako kadi za mwaliko hazikubuniwa na kuchapwa naye. Hakusomea kazi hiyo. Aliingia nyumba ya Artana akiwa bibi harusi anayejua kusuka mikeka na kukaanga samaki, basi. Yaliyobaki ameyapata kwa ubishi. Ukimwambia Darmini kitu hakiwezekani, hapo ndipo anavuta kiti na kukaa.

Kompyuta yake ilitoka kwenye hoteli moja ya Kuta iliyofunga milango. Ni nzito, ya kijivu, na feni yake inalalamika kutwa. Kwa kuwa huchukua muda mrefu kuamka, Darmini hajawahi kuichomoa ukutani tangu iingie nyumbani. Umeme ukikatika, kisanduku cha betri kilicho chini ya meza huishikilia kwa nusu saa, na pale kijijini umeme haukatiki kupita hapo.

Ndani ya kompyuta hiyo mna simu. Kadek Suarjana, mtoto wa mjomba wake anayetengeneza kompyuta mjini Semarapura, alimwekea programu inayoigiza simu. Ukiifungua, kidirisha chembamba kinasimama wima katikati ya skrini, na kila kinachofanyika kwenye simu ya mkononi kinafanyika humo, ila kidole chako ni kipanya. Simu halisi ya Darmini ilikuwa imezeeka mno. Ilipiga, ikapokea, lakini programu mpya ilizikataa zote. Kununua nyingine hakutaka. Alisema simu ya ndani haiangukii kwenye ndoo ya maji, na hapo hakuna aliyeweza kumpinga.

Sasa, mwaka huu simu hiyo ya ndani ilikuwa imebeba macho ya mtu. Mama mkwe wake, Mama Rentin, ana miaka sabini na mmoja, na nusu ya sadaka za hekalu la kijiji zimetengenezwa na kisu chake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alikuwa akikata majani machanga ya mnazi ya sadaka hizo kwa kupapasa, na mara mbili alijikata kidole akaficha mkono ndani ya kanga yake ili asiulizwe. Kituo kimoja cha macho huko Denpasar kiliandikisha wagonjwa kwa programu ya simu tu. Darmini alimwandikisha mkwewe kupitia simu ya ndani, wakangoja miezi mitano, na mwishowe siku ya upasuaji ikatajwa.

Masharti yalikuwa makali. Mgonjwa athibitishe siku moja kabla, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kwenye kifaa kile kile kilichomwandikisha. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine, na yeye anarudi mwisho wa foleni, miezi mingine mitano. Na siku hiyo moja kabla iliangukia kesho yake ya Nyepi, siku ya ukimya, ambapo kisiwa kizima hakiwashi moto wala taa, hakitoki nje, na hata mtandao wa simu hunyamazishwa. Darmini aliizima kompyuta vizuri mkesha wa Nyepi, akaipangusa vumbi na kuifunika kitambaa.

Asubuhi ya baada ya Nyepi, saa kumi na mbili na dakika tano, alikuwa mbele yake na kikombe cha kahawa. Alikuwa ameshapangusa maji yaliyotapakaa chini ya friji na kumgombeza mumewe Artana kwa kutofunga mlango wake sawasawa. Artana alikula kiapo kwamba hajaigusa friji. Darmini hakumwamini.

Kompyuta iliwaka. Alifungua simu ya ndani. Kidirisha kikatokea, kikawa cheusi, kikafa. Akafungua tena. Kikafa tena, safari hii kikiacha maandishi mekundu ya Kiingereza yenye neno refu ambalo Darmini hakuwahi kulihitaji maishani.

"Artana!" aliita. "Umecheza domino zako humu?"

"Lini? Jana tulikuwa gizani siku nzima, mke wangu."

"Juzi!"

"Juzi nilikuwa nabeba sanamu ya zimwi kwenye maandamano ya mkesha na wenzangu hamsini. Waulize hao hamsini."

Alifunga programu nyingine zote. Akazima, akawasha. Akaona kwamba hata kurasa za mtandao zinakataa kufunguka, kila moja ikidai si salama, na hapo macho yake yakashuka pembeni ya skrini: tarehe mosi Januari, miaka kumi na kitu nyuma. Akairekebisha tarehe kwa mkono na kurasa zikafunguka. Alishangilia mapema. Simu ya ndani ilikufa vile vile.

Mama Rentin alikuwa ameketi mlangoni, amevaa kebaya yake safi, blauzi ya sikukuu, akisikiliza. "Luh," alisema, "labda ni kwa sababu ya..."

"Mama, tafadhali, subiri kidogo."

Saa mbili wageni wakaanza kuingia, maana hiyo ndiyo siku ya kutembeleana na kuombana radhi. Jirani mmoja wa kike alisimama nyuma ya kiti, akaunganisha viganja na kuomba msamaha kwa lolote alilokosa mwaka uliopita, na alikuwa ameanza kuyataja.

"Nimekusamehe, nimekusamehe," Darmini alisema bila kugeuka. "Nami unisamehe. Keki ziko mezani."

"Yule kuku wako, kumbe..."

"Hata kuku. Kaa ule."

Alipiga simu kituo cha macho. Sauti ya mashine ilimshukuru na kumwambia athibitishe kwa programu. Alipiga mara nne, akashukuriwa mara nne. Saa tatu ikafika. Alishaanza kufikiria kuifuta simu ya ndani na kuiweka upya, kama anavyofanya mtu aliyechoka kufikiri, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya.

"Luh, mwanangu, mimi nadhani..."

"Mama! Nyamaza kwanza, naomba! Unadhani nini wewe kwenye kompyuta?"

Jirani aliacha kutafuna. Katika miaka kumi na tisa Darmini alikuwa hajawahi kumpandishia sauti mkwewe, na sasa alikuwa amefanya hivyo siku ambayo hata watu waliouana kwa maneno hupeana mikono. Mama Rentin aliinamisha kichwa na kuanza kukunja ncha ya kanga yake.

Ndipo Kadek alipopatikana kwenye simu, baada ya kutafutwa tangu alfajiri. Alikuwa kwa wakwe zake, mdomo umejaa.

"Dada, usifute kitu!" alisema. "Ukifuta, kifaa kinakuwa kipya, na kituo hakitakitambua. Umefuta?"

"Bado."

"Ahsante miungu. Nisomee hayo maandishi mekundu, herufi moja moja."

Alimsomea. Kadek akameza alichokuwa nacho mdomoni.

"Kuna ruhusa ndani kabisa ya mashine, chini ya kila kitu, inayoiwezesha kuigiza mashine nyingine. Mimi niliiwasha mwaka jana. Sasa imezimwa. Haijizimi yenyewe. Tarehe ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa imerudi nyuma miaka kumi na kitu."

"Basi nani kachomoa umeme?"

"Hakuna aliyechomoa! Waya uko ukutani, nauona."

"Mimi," alisema Mama Rentin.

Wote wakamgeukia.

"Sikuchomoa. Nilishusha swichi kubwa ya nyumba, ile ya nje, kabla Nyepi haijaanza. Nikaipandisha leo alfajiri." Alisema taratibu, uso ukiwa chini. "Mwaka jana walinzi wa kijiji walisimama langoni wakaniambia kuna kijitaa cha kijani kinamulika dirishani kwetu. Mbele za watu. Kilikuwa cha hicho kisanduku chenu cha mtandao, mimi hata sikijui. Nikasema mwaka huu nyumba yangu haitamulika kitu chochote. Hilo ndilo nililotaka kukwambia, Luh."

Artana aliitazama friji, kisha akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa na akili ya kunyamaza.

Kadek alicheka huko aliko. "Umesikia, Dada? Kisanduku cha betri kiliisha nusu saa ya kwanza. Ndani ya kompyuta kuna kibetri kingine, kidogo kama sarafu, hicho ndicho cha kukumbuka. Cha kwako kilikufa zamani, ila hukujua kwa sababu mashine haikuwahi kukosa umeme muda mrefu. Siku nzima bila umeme, mashine imesahau kila kitu, mwaka, saa na hiyo ruhusa."

"Kwa hiyo nimejifunga macho mwenyewe," alisema Mama Rentin.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

"Zima, uwashe," Kadek aliamuru. "Ikianza tu kuwaka, gonga kitufe cha F2 bila kuacha. Gonga kama unamfukuza mbwa jikoni."

Mara ya kwanza Darmini alichelewa, kompyuta ikampita na kuendelea na safari yake ndefu ya kuamka, dakika sita nzima. Alikaa hapo akimsikiliza Kadek akiomba radhi kwa wakwe zake kwa kuongea na simu. Mara ya pili aligonga kabla hata feni haijalia. Skrini ikageuka buluu, imejaa mistari ya Kiingereza.

"Kipanya hakifanyi kazi humu!"

"Tumia mishale. Nenda palipoandikwa mambo ya kichakataji. Nisomee kila mstari."

Alisoma, akikwama, akirudia, na jirani aliyesamehewa kuhusu kuku alikuwa amesogea begani kwake akimsaidia herufi. Mstari wa saba ulikuwa wenyewe, na mbele yake neno la kuzimwa. Darmini akaligeuza, akahifadhi, akatoka.

Feni ikalia. Kompyuta ikaamka pole pole. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na nne. Akafungua simu ya ndani. Kidirisha kikatokea, cheusi. Asilimia za kufunguka zikapanda hadi tisini na tisa na kutulia hapo, kama kwamba zina siku nzima. Kisha kidirisha kikajaa rangi. Programu ya kituo cha macho ilikuwa pale pale, na jina la mkwewe ndani yake, Ni Wayan Rentin, na kitufe cha kijani.

"Njoo, Mama. Ubonyeze wewe."

"Nitabonyeza wapi mimi? Naona ukungu tu."

Darmini aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mkwewe, wakakisogeza kipanya pamoja, wakabonyeza. Alama ya tiki ikatokea. Mgonjwa namba tatu, kesho, saa mbili asubuhi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane.

Darmini alitoka kitini akaketi sakafuni. Artana alimkumbatia jirani kwa makosa. Kwenye simu Kadek alikuwa bado akipiga kelele, "Imekubali? Dada, imekubali? Usiizime mpaka nikuletee kibetri!" na hakuna aliyekumbuka kumjibu.

Akiwa pale pale sakafuni Darmini aliunganisha viganja vyake mbele ya magoti ya mkwewe. "Nisamehe, Mama. Ungeachwa useme tangu mara ya kwanza, tungemaliza mapema. Nilikukatiza maneno mara mbili."

"Nami unisamehe. Nilikuwa naogopa," alisema Mama Rentin. "Ulipokuwa unahangaika hapo, nilijua kosa ni langu, nikasema moyoni, sasa hawataniandikisha tena, watasema kizee hiki kinatuharibia vitu, kiachwe na giza lake."

"Nani angesema hivyo? Ningekuandikisha mara kumi."

Mama Rentin alipapasa mpaka akaupata uso wake, akaupangusa kwa kiganja kilichojaa makovu ya kisu. Kisha sauti yake ikabadilika, ikarudi ile ya zamani, ya miaka kabla ya ukungu.

"Lakini nikifumbuliwa macho, Luh, nitaanza na jikoni mwako. Najua masufuria unayaosha juu juu tangu nilipoacha kuyaona."

Darmini alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na hakujali jirani anatazama.

"Ni kweli, Mama," alisema. "Mengine hata siyaoshi."