Meli ya magurudumu niliyoingiza kwa chupa Elburgon ndio nipewe bibi

Wakuu, sasa! Vuteni viti karibu, hata nyinyi mnasomanga tu bila kusema kitu. Hii ni ukweli mtupu. Kama kuna mahali nimeongeza, nimeongeza kidogo tu ndio isikauke.

Ilikuwa fifties, Elburgon. Nilikuwa kijana wa mashine ya mbao. Baridi ya Mau siku hizo haikuwa mchezo. Ukitema mate, unaskia ikigonga chini kama changarawe.

Nyapara wetu, Mzee Zakayo, alikuwa na msichana, Rabeka. Akipita na maji, mashine ilikuwa inazima yenyewe.

Shida ni karani mmoja wa Njoro alikuwa amekuja kumuomba. Karani alikuwa na baiskeli. Mimi nilikuwa na miguu.

Siku moja mimi na Mzee Zakayo tukaitwa kwa nyumba ya mzungu mwenye mashine, kurekebisha sakafu. Juu ya fireplace kuna chupa, na ndani ya chupa kuna meli mzima, na milingoti na matanga yake! Mdomo ya hiyo chupa hata kidole gumba haiingii.

Mzee Zakayo akarudi nyuma. "Hii ni uchawi."

"Uchawi gani, Mzee? Hii ni kazi ya mkono. Hata mimi naweza."

Mdomo yangu, wakuu!

Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu, na viatu sikuwa nazo. "Tengeneza basi. Wazee wakikubali ni meli, Rabeka ni wako. Wakikataa, anapanda baiskeli anaenda Njoro."

Nikaomba chupa kwa mpishi wa mzungu, nikachonga kipande ya mbao ya mtarakwa na wembe. Mwili wa meli ukaingia. Milingoti ikakataa. Nikabembeleza, nikasukuma, nikaitukana kwa lugha nne.

Kitu iliniokoa ni mwavuli. Mama mmoja wa kanisa alitoka kwa mvua, akafika mlango ya kanisa, akafunga mwavuli, ukalala mwembamba, akaingia nao. Nikapiga kelele mpaka akaangusha Bibilia. Kumbe ni hivyo! Nikafunga milingoti na uzi, ilale. Meli inaingia ikiwa usingizi, halafu ukivuta uzi, inaamka.

Siku ya wazee nikavuta uzi mbele ya kila mtu. Matanga ikasimama. Makofi ilipigwa mpaka ng'ombe za Molo zikakimbia.

Halafu shangazi ya Rabeka akainama. "Na hii huku chini ni nini?"

"Ni magurudumu, shangazi."

Msinicheke! Ile ya mzungu ilikuwa imekalia kitu ya blue, chini haikuonekana. Na hapo kwetu, ukitoa mtu mmoja, nani alikuwa ameona bahari? Treni iko na magurudumu, lori iko nayo, mkokoteni iko nayo. Sasa kitu inabeba watu wote hao itaenda na nini?

Wazee wakagawanyika.

"Meli haina magurudumu!"

"Sasa ikifika Mombasa inapanda barabara aje?"

Karani ameanza kupangusa kengele ya baiskeli. Rabeka ameacha kupumua.

Mzee Zakayo akainua mkono. "Sajini aamue."

Huyu Sajini alikuwa askari wa zamani, alienda vita ya Burma na meli. Kila jioni alitupigia hadithi za bahari mpaka nguo zinalowa. Akashika chupa, akaigeuza, akaigeuza tena. Jasho ikamtoka, kwa hiyo baridi yote!

Rabeka nilipewa, mjue. Na si juu ya meli. Ni vile Sajini alijibu. Mzee Zakayo alicheka mpaka akaanguka kutoka kwa kiti, na akiwa hapo chini akaninyooshea mkono: "Chukua msichana, umeniua." Karani alienda Njoro peke yake na kengele yake.

Funzo ni moja: kabla ujigambe unaweza tengeneza kitu, uliza kwanza huko chini kuko aje. Na nyinyi, mdomo imewahi kuwaingiza wapi? Mwageni hapo kwa comments, hata za uongo nitasoma.

Aah, Sajini! Alirudisha chupa kwa meza, akalipuka:

"Mnaniuliza mimi? Kwenda nilikuwa huko chini natapika, kurudi nilikuwa huko chini natapika! Meli naijua ya ndani tu. Niingizeni kwa hii chupa, ndio niwaambie!"