Pipa la Bluu la Stephania

Nasema mapema kwamba bado nina hasira na Machibya, na asitegemee nitapoa karibuni.

Mke wake, Stephania, ni jirani yangu hapa Bariadi. Alilima pamba kijijini Sapiwi, kwa wakwe zake, mpaka mgongo ukamshinda, akajifunza kutengeneza sabuni, na sasa kibanda cha nyuma ya nyumba yao ndicho karakana yake. Ukiingia humo unashika adabu. Mapipa yamepangwa juu ya mbao ili yasiguse sakafu yenye unyevu, kila moja na mfuniko wake na kikombe chake cha kuchotea, kimefungwa kwa kamba. Kikombe cha magadi hakiingii kwenye chumvi. Kostiki, ule unga mweupe unaogeuza mafuta kuwa sabuni na unaochoma ngozi, inakaa kwenye pipa la bluu lenye pete ya chuma ya kubana mfuniko. Ikipata hewa hunyonya unyevu na kuganda chini kabisa. Machibya aliambiwa asiliguse pipa hilo. Aliambiwa mara nyingi, mimi mwenyewe nilisikia kupitia ukutani.

Jumamosi moja tulikuwa sokoni mimi na Stephania. Kwa kina Machibya kulikuwa na harusi, kulekule Sapiwi, na huku kwetu harusi ikihitaji chombo hakuna anayenyima. Basi bwana huyo akamwaga kostiki kwenye kiroba kitupu cha sembe, akakiacha mlangoni, akalisuuza pipa juu juu na kuondoka nalo. Kiroba cha sembe! Nyumba ya watu wanaokula ugali!

Tuliporudi, Stephania alikitumbukiza kiroba kwenye ndoo yenye mfuniko, akafunga karakana kwa kufuli.

"Anjela, twende," akaniambia. "Ndani ya lile pipa, chini, kuna kostiki iliyoganda. Kusuuza hakuitoi."

Tulipanda bodaboda moja, wawili nyuma ya dereva. Tulikuta pipa katikati ya uwanja, limejaa maji, limefunikwa kwa ungo, na vikombe vya plastiki vimepangwa kando. Baba mkwe wake, mzee Mayunga, alikuwa ameketi hapo na wageni. Mke wa mwana hapiti mbele ya mkwewe kabla ya kupiga magoti na kumsalimia. Stephania alipita. Alilisukuma pipa kwa bega mpaka likaanguka, maji yakafika kwenye viatu vya wageni.

"Umerogwa?" Machibya akafoka. "Mbele ya baba?"

"Nani amekunywa haya maji?"

"Hakuna, chakula hakijaiva! Ungesema kwa adabu!"

Stephania alichukua sufuria ya alumini, akakinga maji yaliyobaki ndani ya pipa. Sufuria ikaanza kutoa mapovu, kisha ikaingia weusi. Machibya aliitazama, na bado akarudia kwamba angesema kwa adabu. Laiti ningekuwa na mwiko mkononi!

Ndipo mama mkwe, bibi Kabula, akatokea jikoni ameficha mikono ndani ya kanga. Ndiye aliyeviosha vikombe vile, kwa maji yaleyale. Stephania aliifunua kanga. Viganja vilikuwa vyekundu, ngozi imelainika na kuanza kuchubuka.

"Mama, mbona hukusema?"

"Yalikuwa yanawasha tangu nilipoanza. Lakini ni chombo cha mkwe wangu. Ningekilalamikiaje mbele ya watu?"

Nililetewa ndoo ya maji ya kisima, nikampa Stephania. Akapiga magoti mbele ya mama yule, akaanza kumimina juu ya mikono yake, taratibu, bila kuacha, huku akilia kwa hasira. Hakumtazama mtu mwingine.

Mzee Mayunga alikuwa akingoja salamu yake tangu tulipofika. Alipomwona mkwewe amepiga magoti, alikohoa, akajiweka sawa kwenye kiti, akaitikia salamu ya mchana kwa Kisukuma, kana kwamba yeye ndiye aliyepigiwa magoti:

"Mwadila, mayo."